Fundi kucha, kabla hujaongeza rangi nyingine angalia kwanza taa yako

Jamani mafundi kucha wa Moshi na Arusha, najua hii itawakera baadhi yenu ila acha niseme tu. Tunanunua rangi mno. Ingia saluni yoyote ya mjini hapa, iwe Double Road, iwe Majengo, iwe kibaraza cha mtu tu kule Soweto, unakuta ukuta mzima umepangwa chupa, glita, stika za maua, stoni, unga wa kromu, na mwenyewe anajisifia kabisa kwamba mzigo mpya umeshuka juzi kutoka Kariakoo. Sasa muulize taa yake ya kugandishia jeli ina nguvu kiasi gani, au biti za drili (zile ncha za kusagia kucha) amebadilisha lini mara ya mwisho, anakuangalia kama umemuuliza umri wa mama mkwe wake.

Mi naona hela ya mtaji iende kwanza kwenye taa, ikitoka hapo iende kwenye vitu vya kuandalia kucha na usafi, rangi zije mwisho kabisa. Nyekundu, nyeupe, nyeusi, nyudi (zile zinazofanana na ngozi) tatu nne na vitu viwili vya kung'aa unaanza kazi vizuri tu, maana hata ukiwa nazo mia, mteja atazigusa zote weee halafu mwisho wa siku anakwambia dada nipake tu hii nyudi.

Kwa nini nang'ang'ania taa? Kwa sababu jeli haikauki kwa upepo kama rangi ya kawaida. Rangi ya kawaida majimaji yake yanapotelea hewani, imeisha hiyo. Jeli ndani yake kuna kemikali inayosubiri mwanga wa aina fulani, na taa nyingi za LED tunazotumia zinatoa mwanga wa nanomita 365 na 405, ule mwanga ukiipiga jeli ndo inashikana na kuwa ngumu. Mwanga ukiwa hafifu, juu panakuwa pagumu, panang'aa, mteja anapiga picha anaposti, kumbe chini bado mbichi. Hiyo ndo kucha inayoanza kubanduka wiki haijaisha, na mteja akirudi tunamwambia "utakuwa umefua sana wewe". Wakati mwingine kweli amefua, lakini mara ngapi ni taa yetu?

Halafu hizi wati zinazoandikwa kwenye boksi, msiziamini kihivyo. Taa imeandikwa 120W kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Chukua ile adapta yake, geuza usome kile kibandiko kidogo cha nyuma, ukikuta 24V na 1.5A zidisha, unapata 36. Sasa taa inayokula 36 inatoaje 120? Na hata hiyo 36 ni umeme inaokula, haikwambii mwanga kiasi gani unafika kwenye kucha. Ndo maana nasema kama una uwezo nunua taa na jeli za kampuni moja, kwa sababu mwenye jeli ameijaribu na taa yake na sekunde alizoandika kwenye chupa ni za taa hiyo. Ukichanganya, sekunde 60 za kwenye chupa hazina maana kwenye taa nyingine. Wanaotumia bado zile taa za zamani za balbu nne za wati 9, hizo zinataka dakika mbili, na balbu zake zinachoka huku zinawaka vilevile, macho hayawezi kukwambia.

Umeme ukikatika ndo kasheshe lingine, hasa Desemba watu wamepanda kutoka Dar wamejaa, sendofu kila wikiendi, kipaimara, na wote wanataka kucha siku ileile. Taa ya kuchaji inasaidia sana, mi naona kila fundi awe nayo, ila betri ikikaribia kuisha usiendelee kupaka eti kwa sababu bado inawaka. Mwambie mteja ukweli, asubiri au arudi kesho.

Vidole gumba navyo tunavidhulumu. Mteja akiingiza mkono wote, kidole gumba kinalala upande, mwanga unakipiga pembeni tu. Choma kwenye taa vinne, halafu vidole gumba viwili peke yake vikiwa vimelala sawa. Nyeupe na nyeusi paka nyembamba mara mbili hata tatu, zile rangi zinazuia mwanga usipite. Na futa vile vitaa vya ndani, jeli zikidondokea pale zinakaa mwaka mzima zinaziba.

Sasa tuje kwenye maandalizi, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Wateja wetu wanapika, wanafua kwa mkono, wanamenya ndizi za mtori, mikono ina mafuta na maji muda wote. Ukiweka jeli juu ya hapo unajidanganya. Kuna ile ngozi nyembamba kabisa, karibu haionekani, inayotoka kwenye mzizi na kulala juu ya kucha. Fundi mwenye haraka anaisukuma kidogo tu na kupaka juu yake, na jeli inaanza kuachia palepale. Isukume taratibu, ikwangue yote, ila ile ngozi hai inayolinda mzizi usiikate mpaka itoke damu. Piga bafa laini kuondoa kung'aa tu, ukitumia msasa kwenye kucha asili usishuke chini ya namba 180, ule wa 100 ni mkali, ni wa akriliki (zile kucha bandia ngumu). Toa vumbi, futa kwa spiriti isiyo na mafuta, weka dawa ya kukausha, weka praima (ile ya kushikiza jeli) kidogo sana, halafu mteja asiguse nywele wala simu. Wanagusa simu hao! Akigusa, futa tena.

Besi koti, yaani jeli ya kwanza ya chini, iwe nyembamba, isugue kwenye kucha kama unaipigia deki ile kucha. Funga na ile ncha ya mbele pia, kila leya (tabaka). Na kitu ambacho ningepewa nafasi ningekiandika ukutani kwa kila saluni, jeli isiguse ngozi. Kabla mkono haujaingia kwenye taa chukua kijiti chembamba, pitisha pale kwenye mzizi na pembeni, toa yote iliyomwagikia kwenye nyama. Inachukua sekunde chache. Ikishaingia kwenye taa imegandia kwenye ngozi, ngozi ikisogea inaivuta, hapo maji yanapita chini, na bakteria wa kijani wanapenda sana hapo. Ule ukijani unaouona mteja akibanduliwa kucha sio fangasi kama tunavyosema, mara nyingi ni bakteria wa kwenye unyevu. Usipake juu yake kuuficha.

Halafu kuna aleji, hili jambo tunalichukulia poa sana. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuikataa, vidole vinawasha, vinapasuka, kucha inanyanyuka, wengine mpaka kope zinavimba kwa sababu wamejigusa macho. Na aleji hiyo ikishaingia kwa kawaida haitoki maisha yote. Ubaya zaidi kemikali za familia hiyohiyo zinatumika kwenye kuziba meno na kwenye saruji ya kushikiza viungo vya bandia, kwa hiyo mtu anaweza kupata shida miaka mingi baadaye akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Madaktari wa ngozi wa Uingereza walitoa tahadhari hii mwaka 2018. Umoja wa Ulaya jeli yenye HEMA, moja ya kemikali zinazoleta aleji hiyo, lazima iandikwe kwamba ni ya mafundi tu, na TPO, ambayo ni moja ya zile kemikali zinazosubiri mwanga, wameipiga marufuku kwenye vipodozi kuanzia Septemba 1, 2025. Huku kwetu mtoto wa shule anajinunulia na taa ya kuweka mfukoni, anajipaka hosteli. Vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, ila ukisimama mbele ya kaunta ni wewe na macho yako, soma viungo, angalia tarehe, chupa isiyo na maandishi yoyote iache hapohapo hata kama ni bei ya kutupa.

Anayeumia zaidi ni fundi mwenyewe lakini. Mteja anagusana na jeli kila baada ya wiki tatu, wewe kila siku. Vaa glavu za nitraili, zile za mpira mweupe wa kawaida jeli inapenya haraka sana, na hata za nitraili ukidondokewa badilisha palepale, usifute na kuendelea. Vaa barakoa, ikiwezekana N95, vumbi la drili ni jeli ile ile. Nikimwona fundi anapuliza vumbi la kucha kwa mdomo nasikia mapafu yananiuma mimi.

Drili nayo imeleta balaa. Mashine imeandikwa mizunguko 35,000, basi mtu anaiweka 35,000 kwenye kucha asili ya binti wa watu, inabaki kucha laini kama karatasi na ule mstari mwekundu karibu na mzizi. Kwenye kucha asili tembea chini kabisa, elfu tano hivi, biti ilale sambamba, isisimame sehemu moja. Spidi za juu ni za kupunguza jeli au akriliki, napo unaacha leya nyembamba ya besi, hushuki mpaka nyama. Biti butu ni hatari kuliko kali, kwa sababu butu unaikandamiza na kukandamiza ndo joto. Na kucha iliyokwanguliwa hivyo ndo inayopiga kelele ikiingia kwenye taa. Jeli ikiwa inaganda inatoa joto, leya nene inatoa joto zaidi, kucha nyembamba inalisikia lote. Paka nyembamba, washa ile hali ya joto la chini kama taa yako inayo, mwambie akihisi kuchoma atoe mkono sekunde chache arudishe. Hiyo kauli ya "vumilia mrembo, uzuri ni gharama" tuiache.

Usafi nitasema kidogo tu. Lile boksi la mwanga wa bluu la kuwekea vifaa haliui vijidudu vyote, ni la kuhifadhia vitu ambavyo tayari ni safi. Vifaa vya chuma vioshwe kwa sabuni na brashi, halafu otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) nyuzi 121 kwa dakika 15 kama mnaweza kuchanga mafundi kadhaa mkanunua moja, kwa sababu damu kidogo tu ya kukata ngozi inabeba homa ya ini. Msasa na bafa havioshwi vikawa salama, mpe kila mteja wake, mwandikie jina kwenye kimfuko au atupe.

Mambo madogo ya huku kwetu: Juni na Julai baridi ikikaza jeli inakuwa nzito haitandazi, weka chupa ikiwa imefungwa kwenye maji ya vuguvugu. Usiweke kopo wazi karibu na dirisha lenye jua wala pembeni ya taa inayowaka, utakuta brashi imeganda. Na topu koti (jeli ya juu kabisa) nyeupe nyeupe hizi, utomvu wa ndizi mbichi na manjano ya mchuzi vinazichafua, mwambie mteja mapema avae glavu jikoni, asije akakuletea kesi Jumatatu.

Kutoa jeli pia ni kazi, itoze hela. Kwangua juu kwanza, pamba yenye asetoni, foili, dakika 10 mpaka 15, ikiwa bado ngumu rudishia, usiibandue kwa nguvu maana inaondoka na kucha. Tukitoa bure tunakimbia, tukikimbia tunaharibu. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo uliyoiharibu leo mteja anaibeba karibu nusu mwaka.

Mteja akija na vidole vyenye vipele na kuwasha, mi simpaki. Namwambia aende kwa daktari wa ngozi, na Moshi tumebarikiwa, pale hospitali ya KCMC kuna RDTC, kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda huu. Anaweza akanuna akavuka barabara akapakwa kwa mwingine, sawa tu, hela yake itanipita.

Halafu kama kuna mtu anajua duka la Moshi au Arusha linalouza glavu za nitraili saizi ndogo kwa bei ya jumla aniambie, maana kila mahali wamejaza saizi kubwa, zinanipwaya vidoleni mpaka brashi inateleza.