Mzaramo Juu ya Tembe

Mimi Mzaramo, nimeoa Unyamwezini, wilaya ya Uyui mkoani Tabora. Anayeujua utani wa makabila haya mawili keshaelewa kwamba pale ukweni sina mtetezi.

Baba mkwe kajengewa na wanawe nyumba ya tofali za kuchoma, bati tupu. Halali humo. Anasema jua la Oktoba likishika lile bati hapakaliki, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Yeye yuko kwenye tembe yake ya zamani: kuta za miti na udongo, paa bapa. Boriti zimelazwa juu ya kuta, juu yake fito, kisha nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa ukashindilika. Ndani baridi kama mtungi.

Kasoro yake ni mvua za kwanza. Udongo unakuwa umepasuka kwa kiangazi, maji yanapenya. Basi nimekwenda zangu kusalimia, nikakabidhiwa beseni la udongo wa kichuguu nipande nikazibe nyufa. Udongo ule ukikauka umeshika, maana mchwa wameshaukanda. Mchwa ni mafundi hasa, ila wanachukua kazi pande zote mbili.

Mashemeji wamejaa chini ya mwembe.

"Huyo kazoea makuti, paa la kukanyaga ataliweza?"

"Shemeji, usiogope! Livingstone alikaa kwenye tembe pale Kwihara mwaka 1872, wala haikumwangukia!"

Nikawajibu kuwa Livingstone hakupandishwa juu na beseni.

Sijamaliza kucheka, nikasikia *kwaa!* Nikazama hadi kwapani. Kiwiliwili kiko juu kinapigwa jua, miguu iko chumbani, suruali imechanika paja zima kwa fito. Na chumbani humo nani anachambua karanga? Mama mkwe! Mtu ambaye tukikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka cha kujibanza, leo miguu yangu inaning'inia juu ya ungo wake, inatafuta pa kukanyaga.

Nikamsikia anatoka nje, bila shaka kajifunika khanga usoni.

"Jamani, mwiteni mwenye miguu yake aje aichukue."

Mashemeji wakapanda ngazi, wakakaa ukingoni. Kunivuta, hawanivuti. Mtani havutwi bure, lazima alipe. Wakaanzia mbuzi, nikashindana nao nikiwa nimekwama vilevile, tukafika jogoo wawili na kreti la soda. Ningekuwa nimesimama kwa miguu yangu ningewapa jogoo mmoja tu.

Wakati huo baba mkwe kaingia chumbani na tochi. Namsikia anazunguka chini yangu, anagongagonga kwa fimbo, haneni neno. Nikajua mzee anatafuta namna ya kuniokoa bila kubomoa.

Akakohoa.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Ni ya tatu kutoka mlangoni. Nilijua kuna boriti imeliwa na mchwa, sikujua ipi. Wakishakutoa, hebu kakanyage na zile za kule mwisho."