Kiti tunacho, saa ya mkutano ndiyo hatuna

Ndugu zangu wa Moshi wakikumbuka kwamba naishi Sweden, swali la kwanza ni lilelile: eti huko wanawake ndio wanaamuru? Wa huku nao wakisikia natoka Tanzania, wananionea huruma. Hawa nawakumbusha jambo moja: Rais Samia aliapishwa Machi 2021, wao walimpata waziri mkuu mwanamke wa kwanza, Magdalena Andersson, Novemba mwaka huohuo. Wananyamaza kidogo.

Kwa kuhesabu vichwa hatuko vibaya. Sheria yetu inatenga viti maalum vya wanawake kwenye kila halmashauri. Sweden hakuna viti vya namna hiyo; vyama vyenyewe ndivyo hupanga orodha, na Social Democrats tangu 1994 wanapishanisha mwanamke na mwanamume. Hata hivyo wenyeviti wa halmashauri zao wengi bado ni wanaume, msidanganyike.

Ninacholalamikia ni kazi ya hicho kiti. Diwani wa viti maalum hana kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako habari za barabara na maji huanzia, inaongozwa na diwani wa kata. Huyu wa viti maalum anaingia kama mjumbe tu. Makofi anapigiwa, kanga anagawa, lakini ajenda imeshapangwa.

Huku wana tabia ya kuuliza swali dogo linaloudhi: huduma hii inamfikia nani kwanza? Chukua theluji. Zamani trekta lilianza na barabara kuu za magari. Baadhi ya miji, Stockholm ukiwemo, ikaangalia nani anaendesha na nani anatembea, ikaona wanawake ndio wengi kwenye miguu na mabasi, wakisukuma vigari vya watoto. Wakageuza: kwanza njia za miguu, vituo vya basi na njia za kwenda chekechea. (Novemba 2016 theluji iliangukia Stockholm kwa fujo, mji ukakwama, na waliopinga mpango huo walicheka sana.) Theluji yetu iko juu ya mlima, haimsumbui mtu. Ila swali lenyewe linafaa kwa taa za sokoni, vyoo, na mahali pa kulaza mzigo kwa mama aliyeshuka na ndizi kutoka Uru kabla hakujakucha.

Sasa mtaani kwetu. Mkutano ulitangazwa kwa kipaza sauti: Jumamosi, saa nne asubuhi. Dada yangu anauza ndizi. Saa hiyo ndiyo wateja wamejaa. Waliohudhuria ni wazee wa kiume kwenye viti vya mbele na kina mama wachache nyuma, karibu na mlango. Wakapitisha ada mpya ya taka. Jioni mjumbe akapita kumdai dada hela ambayo hakujua imepitishwa. Nani anatoa ada ya taka nyumbani? Baba haijui hata bei ya ufagio.

Huku vikao vya baraza vingi ni jioni, na diwani akikosa mshahara wa siku kwa ajili ya kikao, sheria inataka alipwe fidia. Uwakilishi umegharamiwa.

Kuna jambo letu ambalo huwa nawasimulia Waswidi kwa maringo: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Sasa majina ya vikundi vilivyopata yabandikwe sokoni, palepale wanapouzia, na si kwenye ubao wa ofisi tu.

Na saa ya mkutano ibadilishwe. Mwenyekiti wa mtaa hahitaji kibali cha TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kwa hilo. Dada anasema Jumatatu saa kumi na moja jioni wengi watafika. Jumapili wasijaribu, ni siku ya vikoba.