Kobalti ndani ya oksidi: uchafu au mali?

Mwaka 2001 watafiti wa Japani walitangaza kwamba oksidi ya titani (titani iliyoungana na oksijeni) iliyotiwa kidogo kobalti, metali ya sumaku, inakuwa sumaku kwenye joto la chumba, tena inabaki angavu. Maabara nyingi zikaingia mbioni, maana oksidi hiyo ni semikondakta, yaani hupitisha umeme kwa kiasi kama silikoni ya kompyuta, na semikondakta yenye usumaku ingeweza kuhifadhi data na kuichakata papo hapo.

Ubishi haukukawia. Wapo wanaosema atomu za kobalti zimekaa mojamoja mahali pa titani, kwa hiyo usumaku ni wa oksidi yenyewe. Wengine wanasema kobalti imejikusanya ikawa fuwele za metali za nanomita chache (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), nazo ndizo zinazovuta. Kupima usumaku peke yake hakumalizi kesi. Lazima hadubini ya elektroni ichungulie ndani. Na hata fuwele zisipoonekana, hujawa salama. Mwaka 2004 iliripotiwa kwamba utando wa oksidi ya hafini una usumaku, ingawa hauna metali yoyote ya sumaku. Mwaka uliofuata wengine wakaonyesha kuwa kuushika tu kwa kibanio cha chuma kunatosha kuacha alama kama hiyo. Kibanio!

Mimi niko na wenye shaka. Ila wanapoziita fuwele hizo uchafu, hapo tunaachana. Mwaka 2003 mtafiti Vassil Skumryev na wenzake walichunguza chembe za kobalti za nanomita 4 hivi. Ndani ya oksidi ya alumini, joto lilianza kuzigeuzageuza ncha zake za sumaku kwenye Kelvini 10 tu (nyuzi 263 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi), na sumaku inayogeukageuka haihifadhi data. Ndani ya oksidi ya kobalti zilishikilia mwelekeo hadi karibu Kelvini 290 (nyuzi 17 hivi za Selsiasi). Atomu za oksidi hii hupanga usumaku wake kwa kupingana, jumla yake ikawa sifuri, lakini pale inapogusana na metali huing'ang'ania isigeuke. Watafiti Meiklejohn na Bean walikwisha kuuona mshiko huo mwaka 1956.

Kasoro ipo, na si ndogo. Mpangilio huo wa usumaku wa oksidi ya kobalti, na mshiko pamoja nao, huvunjika kwenye nyuzi 18 hivi za Selsiasi. Chumba cha Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi kimeshapita hapo. Oksidi ya nikeli huvumilia hadi Kelvini 520 na ushei (karibu nyuzi 250 za Selsiasi), ila mshiko wake ni dhaifu zaidi. Kwa maoni yangu, tatizo hilo la kupata mshiko imara usiovunjika kwenye joto la chumba ndilo lilistahili mbio zile za 2001.