Imani kwa HR huanzia kwenye pesa ya mfanyakazi

Kampuni nyingi hapa Kampala zikigundua kwamba wafanyakazi hawaiamini ofisi ya rasilimali watu (HR), zinakimbilia semina. Hoteli inakodiwa Entebbe, fulana zinachapishwa, watu wanacheza michezo ya kushirikiana. Jumatatu kila mtu anarudi kazini na dukuduku lake lile lile.

Mfanyakazi wa kawaida huanza kupima ukweli wa ofisi hiyo kwenye mshahara wake. Kila mwezi anakatwa asilimia 5 kwa ajili ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mwajiri naye anatakiwa kuongeza asilimia 10, na zote zifikishwe ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja tu anabanwa na wajibu huo. Na siku hizi salio linaonekana kwenye simu. Nilimkuta mlinzi mmoja huko Namanve amesimama getini, anapandisha na kushusha skrini: Machi ipo, Aprili haipo, Mei haipo. Karatasi zake za mshahara za miezi yote mitatu zilionyesha amekatwa. Alikuwa ameshakwenda kumuuliza ofisa wa HR, "Madam, pesa yangu imekwama wapi?" Akaambiwa suala linashughulikiwa, arudi kwenye lindo. Kufika jioni, zamu nzima ilikuwa na habari hiyo.

Inawezekana kabisa kwamba madam hakuzishika pesa hizo. Anayeidhinisha malipo ni mkurugenzi au mhasibu. Lakini kumwambia mlinzi kwamba michango ya miezi miwili haijapelekwa, na siku ambayo atapewa jibu, kulikuwa ndani ya uwezo wake. Watu wetu wanavumilia habari mbaya. Kuzungushwa ndiko kunakowauma.

Jambo la pili ni vikao vya nidhamu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na amruhusu kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Hata hivyo, walinzi na madereva wanaoongea Kiswahili na Kiluganda kutwa nzima wanapewa barua za Kiingereza cha mawakili na kuambiwa watie sahihi. Mtu akitoka humo bila kazi, hata kama kweli alikosea, waliobaki wanaamini ameonewa. Mimi siwalaumu.

Halafu kuna siri, na hapa ndipo ninapotaka maofisa wenyewe wanisikilize vizuri. Mkiahidi kwamba "haya yanabaki kati yetu", mnaahidi msichoweza kutimiza. Malalamiko ya kunyanyaswa kingono, kwa mfano, hayachunguzwi bila wengine kuhusishwa. Kwa hiyo kabla dada wa watu hajafungua mdomo, mwambieni nani atajua, nani hatajua, na kwamba afisa wa kazi wa wilaya yupo akitaka kupeleka shauri lake huko. Namba ya afisa huyo ibandikwe ukutani, pale pale ambapo foleni ya mshahara inasimama.