Fahirisi ya Hisa za Vyama Hupima Nini?

Wanachama wa vyama vya akiba hapa Lamu wanapolizungumzia Soko la Hisa la Nairobi, swali linalotangulia huwa ni wengine wananunua nini. Marekani swali hilo limepewa hata jibu rasmi. Shirika la vyama vya uwekezaji lililoanzishwa Detroit mwaka 1951, ambalo siku hizi huitwa BetterInvesting, hutoa orodha ya kampuni 100 zinazomilikiwa na vyama vingi zaidi. Na orodha ya namna hiyo ikishafuatiliwa bei zake kwa pamoja huwa fahirisi, yaani namba moja inayopanda na kushuka kwa niaba ya hisa nyingi. Maoni yangu ni kwamba fahirisi hiyo humfaa anayejua inapima nini, na humpotosha anayeichukua kuwa ushahidi kwamba vyama huchagua vizuri.

Katika NASI, fahirisi ya Nairobi iliyoanza mwaka 2008, kila kampuni hupewa uzito kwa thamani ya hisa zake zote, ndiyo maana Safaricom peke yake huweza kuivuta namba nzima. Fahirisi ya vyama huanzia kwingine: kampuni huingia kwa idadi ya vyama vinavyoishika, na chama chenye hisa mia huhesabiwa sawasawa na chenye hisa laki moja. Kinachopimwa hapo ni mapenzi ya watu. Anayehesabu majahazi yaliyofunga gatini atajua watu wanapenda chombo cha aina gani, lakini hatajua ni nahodha yupi aliyerudi na faida.

Tatizo kubwa zaidi ni la wakati. Kampuni haipendwi na vyama vingi siku moja; kwanza hisa hupanda, habari husambaa, vyama hununua kimoja baada ya kingine, ndipo jina linapotokea kwenye orodha. Basi mtu akiichukua orodha ya leo na kuikokotoa kurudi nyuma miaka kumi, ataona mafanikio ya ajabu, kwa kuwa zilizoanguka zimekwisha kuuzwa na kusahauliwa, na zilizobaki zimebaki kwa sababu zilipanda. Hakuna chama kilichoipata faida hiyo, maana hakuna kilichozishika zote tangu mwanzo.

Ndiyo maana namba ya fahirisi na namba ya mfukoni hutofautiana. Watafiti Brad Barber na Terrance Odean walichunguza vyama 166 vya Marekani kuanzia Februari 1991 hadi Januari 1997, wakakuta kwamba baada ya gharama vilipata wastani wa asilimia 14.1 kwa mwaka, ilhali soko lilipata 17.9. Kabla ya hapo, kina mama wa chama cha uwekezaji cha Beardstown, Illinois, walikuwa wamesifika kwa faida ya asilimia 23.4 kwa mwaka kati ya 1984 na 1993. Ukaguzi wa mwaka 1998 ukaishusha hadi 9.1, kwani michango yao wenyewe ilikuwa imehesabiwa pamoja na faida. Kosa hilo si geni kwa yeyote aliyewahi kusomewa hesabu za chama.

Hata hivyo ningependa Kenya tuwe na fahirisi kama hii, kwa sababu ingetuonyesha wawekezaji wadogo ni akina nani. Chama cha mtaa wa Langoni hapa Lamu ambacho wanachama wake wanajiepusha na riba na pombe hakitashika hisa za benki za kawaida wala za East African Breweries, ingawa hizo ni miongoni mwa kampuni kubwa za soko la Nairobi. Kukipima chama hicho kwa NASI peke yake ni kukilaumu kwa uamuzi ambao hakikuufanya kwa ajili ya faida.

Mpaka hapo, mwanachama anaweza kumuuliza mweka hazina wake: "Bibi, ukiitoa michango yetu ya mwaka huu, mtaji umezaa shilingi ngapi?" Akishajibiwa, na aulize pia gawio, yaani fedha ambazo kampuni huwagawia wenye hisa, ni kiasi gani. NASI hufuata bei tu, kwa hiyo gawio liwekwe kando kabla ya kulinganisha, la sivyo chama kitadhani kimelishinda soko kwa fedha ambazo wenye hisa wengine wote nao wamelipwa.