Kochi Lisilo na Mgongo

Nilipohama kwa Baba mdogo nilikuwa na shilingi 800,000, na niliamini kabisa kwamba kijana mwenye pesa hiyo hapa Dar es Salaam hawezi kulala chini. Nililala chini wiki tatu.

Pesa yenyewe iliyeyuka hivi. Chumba na sebule Tabata, 80,000 kwa mwezi, na mama mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Dalali, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuninyooshea kidole kwenye mlango ulioandikwa kwa chaki CHUMBA KINAPANGISHWA, naye akachukua kodi ya mwezi mmoja. Nikabaki na 240,000. Godoro la futi nne kwa sita likala 110,000. Halafu zikaja ndoo, beseni, sufuria, jiko la mkaa, pazia na ufagio. Hivi vitu ndivyo vinavyofilisi watu, si magari. Unanunua cha elfu mbili hapa, cha elfu tatu pale, ukirudi nyumbani 50,000 haipo, na bado huna kijiko.

Na sebule ilikuwa haitazamiki. Mpangaji aliyenitangulia alikuwa akikaangia samaki mlemle ndani kwa ajili ya genge lake, kwa hiyo kuta zilikuwa na rangi ya chai ya rangi kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini ilikuwa daftari lake la madeni, limeandikwa kwa mkaa. Kuna mtu anaitwa "Dreva mfupi" anadaiwa 4,500 mpaka leo.

Nilikuwa nimepanga kuishi hivyo hivyo kimyakimya mpaka mshahara wa pili. Jumatatu Baba mdogo akapiga simu.

"Mama yako kashafika kutoka Muheza. Jumapili baada ya adhuhuri tunakuja kukuona. Usihangaike na chakula."

Baba mdogo alinilea miaka sita. Ukiambiwa na mtu wa namna hiyo usihangaike, unahangaika.

Jumanne nikaenda Keko. Kwa wasiojua, Keko ndiko kwenye mafundi samani wa kila bei, unapita barabarani vitanda na makabati vinakutazama pande zote. Mimi na elfu themanini yangu tulikuwa tunatazama vitu ambavyo havikututazama. Mwishoni kabisa, nyuma ya karakana moja, kulikuwa na kochi la watu watatu, kitambaa cha kahawia, sponji nzuri, miguu minne, na mgongo hakuna. Mteja alilipa nusu akapotea, fundi akahamishia ule mgongo kwenye kochi la mteja mwingine.

"Elfu arobaini," akasema.

"Kochi halina mgongo, fundi."

"Mgongo wa nini, bosi? Kwako hakuna ukuta?"

Sikuwa na jibu. Ukuta ninao. Nikalipa, nikakodi guta kwa 10,000, na kila kwenye kilima nikashuka kusukuma pamoja na mwenye guta, kwa sababu 10,000 ndiyo bei ya guta la kusukuma. Lile la kutosukuma ni 15,000.

Sasa nina 30,000. Rangi ya maji ndoo moja ilikuwa juu ya uwezo wangu mara mbili, hivyo nikashika chokaa, mifuko miwili, pamoja na brashi ya katani. Muuza duka akaniuliza, "Kuchanganya unajua?" Nikasema najua. Nilisema kwa sauti ya mtu ambaye babu yake alijenga Mji Mkongwe.

Ijumaa usiku nikaanza. Nilikoroga ndoo ya kwanza, nikapaka ukuta mmoja mzima, nikarudi nyuma kutazama kazi yangu. Haikuonekana. Moshi wa samaki uko palepale, Dreva mfupi anadaiwa vilevile, ukuta umelowa tu. Nikajua chokaa ni nyepesi. Nikaongeza unga, nikapaka tena. Haikuonekana. Nikaongeza mpaka ikawa nzito kama uji wa lishe, brashi ikisimamishwa inasimama, nikaubandika ukutani kwa hasira. Kufika saa saba usiku nilikuwa nimepaka mara nne, tone limeniingia jichoni nikachovya uso mzima kwenye ndoo ya maji ya kunywa, na vidole vinawaka kama nimemenya pilipili. Nikaazima feni kwa jirani ili kuta zikauke upesi, nikalala.

Asubuhi niliamka nikadhani nimefariki. Weupe ulionizunguka haukuwa wa dunia hii. Sebule ilikuwa inang'aa, mkaa wote umefunikwa, madeni yamesamehewa. Nilikaa chini nikatazama kama nusu saa. Sikugusa. Ningegusa tu kwa kidole kimoja, haya yote yasingetokea.

Jumamosi ikawa zamu ya sakafu. Saruji imepasuka, ina kijivu cha huzuni, nikanunua makopo mawili ya polishi nyekundu, ile ya nta. Kopo limeandikwa kwamba unapaka kidogo, unaacha, kisha unasugua kwa kitambaa kikavu mpaka sakafu ing'ae. Nilisoma mpaka kwenye "unapaka". Makopo yote mawili yakaishia kwenye sebule ya mita tatu kwa tatu, kama mtu anayepaka blubendi kwenye mkate wa wageni. Nikalisukuma kochi mpaka likagota ukutani. Fundi alisema kweli, mgongo ulikuwepo.

Kabla hawajaingia inabidi nikueleze kuhusu Baba mdogo. Ni mweka hazina wa tawi la Yanga kule Buguruni. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Baba mdogo amezaliwa mwaka 1961, lakini anavyousimulia ule mwaka 1935 utadhani yeye ndiye aliyepanga viti. Simba ya mwaka 1936, Wekundu wa Msimbazi, anaiita "wale waliochelewa". Nyumbani kwake hakuna kitu chekundu isipokuwa nyanya, na tikiti maji halili: anasema ni mnafiki, nje kijani, ndani Msimbazi. Jumapili hiyo, akitoka kwangu, alikuwa na kikao cha tawi. Cha kusoma mapato na matumizi.

Walifika saa nane na nusu. Baba mdogo kavaa kaunda suti nyeusi, ile ya vikao, na kobazi juu ya soksi nyeupe. Mama mdogo kavaa baibui. Mama yangu yuko na khanga zake.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni! Shikamoo Baba mdogo. Msivue viatu, ingieni tu."

"Marahaba. Ah, kwa sakafu hii? Utatulaani." Wakavua wote.

Wakakaa kwenye kochi. Mimi nikageuza ndoo, nikakaa mbele yao kama mtuhumiwa, nikafungua soda. Baba mdogo akakanyaga vizuri, akaegemea nyuma, akajilaza kabisa, mikono juu ya kitambi.

"Mtoto huyu," akamwambia mama yangu, "alikuja kwangu hajui hata kutandika. Tazama leo, shemeji. Tazama ukuta."

Mama akautazama ukuta. Akautazama tena, karibu kidogo. Kisha akasogea mbele, akakaa wima kwenye ncha ya kochi, na hakuegemea mpaka wanaondoka. Nilidhani ni mgongo unamsumbua kwa safari ya basi.

Saa moja nzima nilikuwa nawaona kwa mbele tu. Saa moja ya sifa. Baba mdogo kila akicheka anajisugua kwenye ukuta kama ng'ombe kwenye mti. Akaaga, akainuka, akageuka kutafuta kobazi zake, na hapo ndipo nilipouona mgongo wake.

Haukuwepo. Kulikuwa na kola, kulikuwa na suruali, katikati kulikuwa na ukuta wangu. Chokaa imejaa kuanzia mabegani mpaka kwenye mkanda, na kisogoni imeacha duara jeupe kama kofia imepigwa pasi. Mama mdogo alikuwa mweusi kwa mbele, mweupe kwa nyuma, kama mtu aliyeshonwa kwa vitambaa viwili. Kwenye ukuta yalibaki mabega manne, unayahesabu. Kisha nikatazama miguu. Soksi nyeupe za Baba mdogo zilikuwa nyekundu mpaka kwenye vifundo.

Mtu mwenye akili angesema, "Baba mdogo, subiri nikupanguse." Mimi mdomo ulifunguka, ukasema, "Ngoja niwasindikize."

Nikatembea nyuma yao mpaka kituoni, nikiomba mvua. Watoto wa mtaa walitufuata. Baba mdogo akadhani wanamheshimu, akawapungia mkono.

Daladala la Buguruni likafika, limejaa. Baba mdogo akapanda wa kwanza, mgongo kwa konda, mguu mwekundu kwenye ngazi, na konda akafanya kazi yake ya kila siku:

"Mzee wa Msimbazi, sogea ndani! Simba, penyeza hapo nyuma, wenzio nao waingie!"

Baba mdogo akageuka taratibu sana. "Nani Simba?"

"Si wewe hapo, mzee? Nyeupe na nyekundu, umependeza!"

Gari zima likacheka. Mlango ukafungwa, likaondoka, na kupitia kioo cha nyuma nikamwona anainama kutazama miguu yake.

Simu ililia saa mbili usiku. Nilijua kilichotokea kikaoni kabla hajasema, lakini alisema. Kwamba aliingia amechelewa, akapita katikati ya ukumbi kwenda meza kuu, mgongo kwa wanachama wote. Kwamba alipofungua daftari la hazina, mjumbe mmoja alinyoosha mkono kuuliza kama hela za tawi zinatunzwa huku au kule. Kwamba alivua soksi mbele ya kikao, na miguu nayo ikawa myekundu.

Kisha akanyamaza muda mrefu.

"Mwanangu. Kama nilikukosea kipindi kile unaishi kwangu, niambie."

Kabla sijajibu, nikasikia Mama ananyang'anya simu.

"Chokaa ulitia chumvi?"

"Chumvi?"

"Ukuta ulilowesha kwanza?"

"Mama, ulijua?"

"Nilijua naingia mlangoni."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya shemeji yangu anakusifia? Nikuaibishe?"

Jumatano akaja mwenyewe na chumvi ya mawe kilo mbili kwenye mfuko. Tulikwangua ukuta mzima, sakafu ikajaa unga mweupe juu ya polishi, ikawa waridi. Akaumwagia ukuta maji, akakoroga chokaa nyepesi kama maziwa yaliyoongezwa maji, akatia chumvi, akapaka mara moja. Haikuonekana. Nikachukua mfuko niongeze unga, akanipiga mkono na brashi.

"Chokaa mbichi haionekani. Inajitokeza ikikauka. Na hiyo feni rudisha kwa mwenyewe, haitaki haraka."

Akaondoka, nikakaa kwenye ndoo kusubiri. Jioni ule ukuta ukawa unageuka mweupe polepole mbele ya macho yangu. Nilipitisha kiganja mara tatu, kikarudi kisafi. Sakafu niliisugua kwa kipande cha blanketi siku mbili, magoti yakabaki mekundu mpaka mwisho wa mwezi.

Sasa kochi lina mgongo, nilimfuata fundi yuleyule akaniwekea kwa 35,000. Baba mdogo anakuja kila mwezi. Namkaribisha kwenye kochi, anasimama mlangoni na kobazi zake miguuni, anautazama ukuta, ananitazama mimi.

"Ndoo iko wapi?"