Refleksi za mtoto mchanga: zipimwe lini, na ziaminiwe kiasi gani?

Kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodi ya wazazi, mtoto wake hukaguliwa kuanzia utosi hadi unyayo. Mkunga humgusa shavu aone kama atageuza uso kutafuta titi. Humtia kidole mdomoni kupima nguvu ya kunyonya, kisha humwekea kidole kiganjani aone kama atakikamata. Mwisho humlaza chali, humwinua kichwa kidogo na kukiachia kishuke kidogo tu, mkono ukiwa bado umekikinga kwa chini. Mtoto hufungua mikono yote miwili, hutanua vidole, halafu huirudisha mikono kifuani kukumbatia hewa, mara nyingi kwa kilio. Huo ndio mshtuko wa Moro, uliopewa jina la Ernst Moro, daktari wa watoto wa Heidelberg aliyeueleza mwaka 1918.

Mtoto hafanyi hayo kwa kutaka. Ni refleksi, miitikio anayozaliwa nayo, inayoendeshwa na uti wa mgongo na shina la ubongo. Ubishi uliopo kati ya wataalamu ni kama miitikio hiyo inaweza kutuambia lolote la maana kuhusu mtoto atakavyokaa, atakavyosimama dede na kutembea. Wapo wanaoitegemea sana, na wapo wanaoona imepitwa na wakati. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, lakini kwetu kosa kubwa liko kwenye ratiba: tunaipima kwa bidii siku ambayo habari zake ni chache, tunaiacha pale inapoanza kusema.

Nianze na wanaoitetea. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala mashine, na zahanati ya mwisho wa barabara inaweza kukifanya. Kinapoonyesha tofauti ya upande mmoja na mwingine, kina thamani kubwa hata siku ile ile ya kwanza. Chukua mtoto mkubwa ambaye bega lilikwama wakati wa kuzaliwa. Akishtuliwa, mkono wa kulia unafunguka, wa kushoto umelala ubavuni, kiwiko kimenyooka na kiganja kimetazama nyuma. Hapo mkunga anajua kwamba ama mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi imevutwa, ama mfupa wa mtulinga umevunjika. Wengi wa watoto hawa hupona. Lakini ambaye mishipa yake ya fahamu imeumia, na akafikisha miezi 3 bila kuweza kukunja kiwiko, anapaswa kuonwa na daktari wa upasuaji, maana muda wa kuirekebisha mishipa hiyo haungoji. Kama tofauti haikuandikwa siku ya kwanza, familia huendelea kuambiwa kwamba mtoto aliulalia mkono.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu kupotea kwa refleksi. Mshtuko wa Moro huisha kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Kushika kidole bila kutaka huisha kati ya wa 4 na wa 6. Kuna na ile ya shingo: ukimgeuza mtoto uso kulia, mkono wa kulia unanyooka na wa kushoto unakunjwa, mkao wa mtu anayevuta upinde. Hii nayo inatakiwa iwe imeondoka kufikia karibu miezi 6. Ikibaki inamfunga mtoto kwelikweli. Kila akitazama mkono wake, mkono unanyooka na kwenda mbali na mdomo. Akitaka kugeuka tumboni, mkono ulionyooka unamzuia. Mtoto wa miezi 7 ambaye bado yuko hivyo, na miguu yake inakakamaa ukimbadilisha nepi, anaonyesha dalili za mwanzo za mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo na mkao unaotokana na ubongo kuumia. Ugonjwa huu si wa nadra katika ukanda wetu. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda, maeneo ya Iganga na Mayuge, ulikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000 wanao.

Sasa wapinzani. Hoja yao ya kwanza naiona haina jibu. Kwa kuwa refleksi nyingi zinaendeshwa na shina la ubongo, mtoto anaweza kuwa na madhara makubwa sehemu za juu za ubongo na bado akanyonya, akakamata kidole na kushtuka vizuri. Wapo waliozaliwa bila sehemu kubwa ya ubongo wa juu wakafanya yote hayo. Kwa hiyo maneno "refleksi zote zipo" kwenye karatasi ya siku ya kwanza si uthibitisho kwamba ubongo hauna tatizo. Wazazi wa mtoto aliyechelewa kulia au aliyepata manjano kali huyapokea maneno hayo kama hati ya uzima. Sivyo, na ni haki yao kuelezwa hivyo palepale wodini.

Pia matokeo yanategemea hali ya mtoto saa ile: ameshiba, ana njaa, amelala fofofo, analia. Mikono miwili tofauti ikimpima mtoto yule yule inaweza kuandika majibu mawili tofauti.

Kisha kuna suala la maana ya kupotea kwenyewe. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba refleksi huondoka kwa sababu ubongo wa juu umekomaa na kushika usukani. Refleksi ya kupiga hatua, ile ya mtoto mchanga kuchezesha miguu unapomsimamisha sakafuni, hupotea akiwa na karibu miezi 2, nayo ilielezwa hivyo hivyo. Mwaka 1984 Esther Thelen na wenzake nchini Marekani waliwatumbukiza watoto majini hadi kifuani, na hatua zikaongezeka. Walipowafunga vitu vidogo vya kuongeza uzito miguuni, hatua zikapungua. Maana yake, sehemu kubwa ya "kupotea" kule ilikuwa miguu iliyonenepa haraka kuliko misuli ilivyopata nguvu, wala haikuwa ubongo peke yake. Refleksi moja haiwezi kuangusha hoja nzima, maana uzito wa mguu hauelezi kwa nini mkao wa upinde huisha. Lakini inatuonya tusigeuze kila mabadiliko ya mwili kuwa habari ya ubongo.

Tena mazingira yana sehemu yake. Mwaka 1976 Charles Super aliandika kuhusu watoto wa Wakipsigis wa Kokwet, Kenya. Walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini kwa kutambaa hawakuwa mbele. Mama zao walikuwa wakiwafundisha kukaa na kutembea, ilhali kutambaa hakukuwa na aliyekushughulikia. Mama anayemkalisha mtoto kwenye beseni lililozungushiwa kanga anafanya kazi ile ile. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, lilipotoa vipimo vyake vya mwaka 2006 kwa watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilitoa madirisha mapana: kutembea bila kushikwa kunaweza kuanza popote kati ya miezi 8.2 na 17.6, na watoto wapatao 4 katika 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, nao wazima.

Wapinzani hawaishii kukosoa, wana mbadala. Heinz Prechtl, daktari aliyefanya kazi Groningen na baadaye Graz, alifundisha kumtazama mtoto bila kumgusa. Kati ya wiki ya 9 na ya 20 baada ya tarehe iliyotarajiwa ya kuzaliwa, mtoto mzima akiwa macho na ametulia huwa na mienendo midogo midogo isiyokoma ya shingo, mabega, viganja na nyayo. Katika utafiti wake wa mwaka 1997, kutazama kama mienendo hiyo ipo au haipo kulitambua 95 kati ya kila 100 ya waliokuja kupata matatizo ya neva. Hakuna refleksi ya siku ya kwanza inayokaribia hapo. Kikwazo ni kwamba mtazamaji lazima awe amefunzwa, na waliofunzwa kwetu ni wachache. Hata hivyo dakika chache za video ya simu zinatosha kutumwa kwa aliyefunzwa, na simu tunazo.

Tuweke yote hayo juu ya kadi ya kliniki. Tanzania mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu mwezi wa 9. Wiki ya 14, kwa mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni, inaangukia katikati ya dirisha la Prechtl. Mwezi wa 6, unapoanza utoaji wa matone ya vitamini A, ndio wakati ambao Moro, mkamato na mkao wa upinde vinatakiwa viwe vimekwisha. Lakini siku hizo mbili mtoto huwekwa kwenye mizani, huchomwa sindano au hupewa matone, na foleni inasonga. Ndiyo hapo nasema kipimo kimewekwa pasipo pake. Kumgeuza mtoto shingo kulia na kushoto na kumwekea kidole kila kiganja hakuchukui dakika 2, na muuguzi anajua kukifanya tangu chuoni.

Wapo watakaosema tutawatia hofu akina mama bure, na hofu hiyo ipo. Dawa yake ni kutotoa hukumu kwa refleksi moja. Refleksi iliyobaki peke yake kwa mtoto anayecheka, anayefuata uso wa mama na kushika kitu kwa mikono yote miwili, hupimwa tena mwezi unaofuata. Iliyobaki pamoja na kukakamaa kwa viungo, ngumi isiyofunguka, au upande mmoja usiotumika, haingoji mwezi wa 9. Mtoto huyo anapelekwa kwenye mazoezi ya viungo sasa, hata kabla ugonjwa haujapewa jina.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo halitakiwi kusubiri kliniki. Moro huja kwa sababu: mlango umegongwa, mtoto ameshushwa ghafla. Mishtuko inayokuja bila sababu, mfululizo, mmoja baada ya mwingine kila sekunde chache, hasa mtoto anapoamka, inaweza kuwa kifafa cha watoto wachanga, ambacho mara nyingi huanza kati ya mwezi wa 3 na wa 12. Bibi atasema ni mchango, jirani atasema ni dege. Mrekodi kwa simu, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kama alizaliwa kabla ya wakati, mwambie daktari alizaliwa wiki ya ngapi, kwa sababu miezi ya refleksi na ya kutembea niliyoitaja hapa, kwake huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.